Nyumba Saba za Kisiwa cha Kasole

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kwenda kulala. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na dada yangu na viatu vya kuazima, niko tayari kuonyeshwa meza na kiti. Papa Kashindi, mkaguzi wa nyumba za wageni wakati ule, alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai. Nikajibu ndiyo.

"Basi twende," akasema. "Utalala."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikwenda kwenye nyumba moja ya wageni nyuma ya soko la Uvira, mwenyewe akatufungulia chumba, nami nikavua viatu nikajinyoosha kitandani huku Papa Kashindi amekaa mlangoni kama mtu anayelinda maiti. Baada ya muda akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Papa."

"Endelea kulala."

Nikaendelea. Polepole vitu vikaanza kuja. Waya wa matela, yaani godoro, ulikuwa unanichoma ubavuni. Jirani alikuwa anakohoa upande wa pili wa ukuta, nami nikataka kumwambia pole. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa inapita dirishani na kukaa kwenye mto. Nilipomweleza hayo yote, Papa Kashindi akakubali kwa kichwa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mgeni hatalala macho wazi kama weye," akasema. "Lakini mwili wake utasikia yote. Kesho atasema Uvira ni muji mubaya, na hatajua kwa nini anasema vile."

Ninyi vijana mliobaki bironi, ofisini kwetu kwa utalii, mliniomba niwaandikie kazi hii ilikuwaje. Vyeo naviruka, kwa kuwa vinaandikwa kwenye mafaili na panya wanavijua vizuri kuliko mimi. Nitawaandikia niliyoyaona, na zaidi nitawaandikia habari za kisiwa, maana kazi yangu ningetaka ipimwe kwa kisiwa kile.

Mimi ni mtoto wa Kasenga, hapa hapa Uvira. Wazee wa wazee wangu walikuja huku na biashara za ziwa, wakapenda mahali, wakabaki. Nyumbani kwetu mgeni alipewa kitanda, na baba akalala mkekani. Kwa hiyo nilipoingia kazini niliamini kwamba kumpokea mgeni ni suala la moyo tu. Miaka miwili ya kwanza ilinifundisha kwamba moyo mwema haufukuzi mbu. Nimelala kwenye nyumba za watu wema sana, na nimeamka nimevimba uso.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Papa Kashindi alinipa mita ya fundi seremala, tochi, kijiko na daftari lenye jalada gumu. Kijiko kilikuwa cha kuonjea mchuzi jikoni kabla haujapambwa kwa ajili ya mkaguzi. Mita ilikuwa ya kupima umbali kati ya choo na kisima, na wenye nyumba wengi waliiogopa kuliko askari. Lakini chombo chake kikubwa kilikuwa karatasi. Hakuwahi kuandika neno "hapana" kwenye ripoti. Aliandika kinachokosekana, kimoja kimoja, kwa herufi kubwa, akamwachia mwenye nyumba nakala.

"Muntu ukimwambia hapana, anafunga mulango," alinieleza. "Ukimwambia pipa lake halina kifuniko, anaenda kutafuta kifuniko."

Si wote walikwenda kutafuta kifuniko. Kulikuwa na bwana mmoja, jina lake litabaki kwangu, aliyejisifu kuwa na vyumba sita vyenye vitanda vipya. Nilikagua chumba cha kwanza, kitanda kizuri. Akanikaribisha soda barazani, tukaongea habari za mvua, kisha tukaenda chumba cha pili, kitanda kizuri vilevile. Soda nyingine. Kufika chumba cha nne nikainua mto, nikakuta miwani yangu, niliyoiacha chumba cha kwanza. Kitanda kilikuwa kimoja, kikitembezwa na vijana wawili kupitia mlango wa nyuma kila tulipokuwa tunakunywa. Nilimwandikia: VITANDA VITANO VINAKOSEKANA. Aliniomba angalau nisifu kasi ya wale vijana, na kwa kweli ilistahili.

Papa Kashindi alipostaafu alirudi kwao milimani, upande wa Lemera, akalima maharage. Nikabaki peke yangu na mita. Nilipita pwani yote, kutoka mpakani hadi kusini kabisa, nikikagua hoteli, nyumba za mapadri, vibanda vya mama wanaochoma samaki. Kila baada ya muda biro ilichapisha kijitabu cha mahali pa kulala, pa kula na pa kutembea. Nyumba iliyoingia kwenye kijitabu ilipata wageni. Iliyokosa, wageni waliipita barabarani.

Siku moja nahodha aitwaye Saleh, aliyekuwa akiendesha boti ya abiria kutoka bandari ya Kalundu kwenda kusini, aliniletea barua kutoka kisiwa cha Kasole. Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye kaye, daftari la shule, na imeandikwa mistari miwili tu: "Tuko na kisiwa. Kuja uone." Chini yake jina: Apolina.

Nikampelekea Direkteri, mkuu wa biro yetu. Alikuwa mtu msomi, mwenye tai hata wakati wa joto. Alisoma mistari ile miwili akacheka.

"Kasole? Watu wa hapa wanaenda kisiwani kuvua, Ramazani. Hakuna anayeenda kupumzika. Likizo ni hoteli, ni ghorofa, ni muziki."

Lakini alinisainia ruhusa ya safari, labda apate kucheka tena nitakaporudi.

Tuliondoka Kalundu asubuhi, tukafika adhuhuri. Kasole ni kisiwa kidogo mbele ya rasi ya Ubwari; unaweza kukizunguka kwa miguu na ukakuta bugali uliouacha mezani bado una joto. Kuna mlima mmoja mfupi, michikichi, mawe makubwa yaliyoingia majini, na maji ni meupe hivi kwamba unaona kivuli cha boti kikitembea chini kwenye mchanga. Mama Apolina alinipokea ufukweni. Alikuwa mjane wa mvuvi, mama wa miaka hamsini hivi, mikono mipana ya mtu aliyekausha samaki maisha yake yote. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu.

"Papa mukaguzi, nitakuambia ukweli," akasema tukipanda kwenda kwake. "Samaki wamepungua. Vijana wanaenda kwenye machimbo, na wakienda wanachukua bibi na batoto. Shule yetu imebaki na madarasa mawili. Mwaka ule mwingine litabaki moja, kisha mwalimu naye ataenda. Kisiwa kitakuwa cha ndege. Minye sitaki. Nilisikia kwenye redio kama bantu banalipa ili kulala karibu na maji. Sisi tuko karibu na maji kuliko wote."

Alinipa samaki aitwaye mukeke, aliyechomwa kwa makaa, na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese, na pilipili iliyosagwa na ndimu. Nimekula kazini miaka mingi. Samaki yule alinifanya nisahau kutoa kijiko mfukoni.

Kisha nikatoa mita. Choo kilikuwa juu ya maji. Mtungi wa maji ya kunywa ulijazwa hatua chache kutoka hapo. Chandarua kilikuwa na matundu ya kupita mbu na jamaa zake. Kitanda kililemea upande mmoja. Boti ya Saleh haikuwa na jile hata moja, yaani makoti yale ya kuelea. Nikaandika vitu kumi na kimoja, nikampa nakala. Alisoma amesimama.

"Papa," akasema, "umekula samaki wangu wote, na mifupa umelamba. Sasa unaniletea mambo ya choo?"

"Samaki iko sawa, Mama. Choo ndiyo haiko sawa."

Hakunisindikiza.

Nilirudi baada ya masika. Choo kilikuwa kimehamishwa juu ya kilima, maji yalikuwa yanachemshwa na kuwekwa kwenye pipa lenye bomba. Vilibaki vitu vitano. Nikaviandika.

"Weye unataka nijenge Bujumbura hapa!" alinipigia kelele mbele ya majirani. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga aliacha kutwanga ili asikie vizuri. Niliingia botini nikiwa nimeinama, na Saleh akaniambia kwamba huko kisiwani sasa wananiita Papa Kinakosekana.

Mara ya tatu nilikwenda nikiwa na hofu. Saleh alinipa jile nyekundu kabla sijakanyaga boti. Nilimuuliza amezipata wapi. Akanijibu kwa uchungu kwamba Mama Apolina alikataa kumpa chakula tangu masika, na kwamba mtu hawezi kuendesha boti mpaka Ubwari na kurudi kwa kula ndizi. Nikafika, nikapima, nikalala kitandani, nikasikiliza. Nilisikia maji kwenye mawe, na kitu kingine sikusikia. Nilipoamka nilikuwa nimelala kweli, saa nzima, jambo lisilowahi kunipata kazini. Nikaandika: HAKUNA KINACHOKOSEKANA. Mama Apolina alisoma, akakunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani.

Nilidhani nimemaliza. Direkteri hakucheka safari hii, ila alisukuma ripoti yangu kando.

"Nyumba moja, vyumba viwili, vitanda vinne vya watu wawiliwawili. Hapo si mahali pa likizo, Ramazani, ni kwa shangazi. Niletee wageni waliokaa huko wakaridhika, ndipo nitakiingiza kwenye kijitabu."

"Wageni watajuaje kama hakimo kwenye kijitabu?"

"Hilo ni swali zuri," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilimpigia simu Papa Kashindi, nikamlalamikia kama mtoto. Alinisikiliza, halafu akaniambia habari za wauguzi wa kule milimani kwake, waliomtibu goti. Walikuwa wamepata kongé, yaani likizo, na walikuwa wakimwuliza waende wapi, kwa sababu hawajawahi kupumzika mahali ambapo hakuna mgonjwa anayegonga mlango. "Nitawaambia wanane waje," akasema. "Weye tayarisha boti."

Nikarudi kwa Direkteri, nikasema mbele ya biro nzima kwamba wageni wanane wanakwenda Kasole, na kama hawataridhika nitakifuta kisiwa kile kwenye daftari langu kwa mkono wangu mwenyewe na sitakitaja tena. Direkteri akafungua kidogo tai yake.

"Vizuri," akasema. "Na mimi nitakuja nione."

Asubuhi ya safari nilikuwa Kalundu mapema, nimevaa vizuri. Gari kutoka milimani likafika. Akashuka kiongozi wao, muuguzi aitwaye Mama Neema, mrefu, mwenye sauti ya kuita wagonjwa kwenye korido. Wakashuka wengine. Nikahesabu wanane, nao wakaendelea kushuka. Waume, wake, mkunga mmoja na mama yake mzazi aliyebeba kuku. Walifika kumi na tisa.

"Papa Kashindi alisema ni kuzuri," Mama Neema akanieleza kwa furaha. "Tukaona si vizuri kuwaacha bengine."

Direkteri alisogea karibu na sikio langu. "Mkaguzi, vitanda viko vingapi?"

Alijua viko vinne. Kisiwani simu inashika juu ya mlima tu, na nilijaribu mara tano bila kupata mtu. Wageni wakasema hakuna shida, watabanana, wao ni watu wa milimani, wamezoea. Saleh naye akaniangalia: boti ilitosha, lakini jile zilikuwa kumi na mbili. Hapo nilijua kwamba kama nitasema "twende tu", basi mambo yote niliyomwandikia yule mama kwa karatasi tatu yalikuwa kelele. Nikakataa. Nikazunguka bandari nzima, jua likipanda, nikiazima jile kwa manahodha niliowakagua na kuwaudhi kwa miaka mingi. Wengine walinikumbusha kila neno nililowahi kuwaandikia. Lakini walitoa. Tukaondoka tumechelewa, kila mtu amefungwa kifuani, hata yule mama mzee, aliyetaka kuku wake naye afungwe.

Njiani nilikaa mbele. Wauguzi waliimba nyimbo za kanisani na kupiga foto milima ya Burundi ng'ambo ya maji. Mimi nilikuwa ninapanga nitamwambia nini Mama Apolina. Wageni kumi na mmoja waliozidi wangelala wapi? Chakula cha wanane kingegawanywaje? Nilikuwa nimemleta mama yule, baada ya hasira zote na jasho lote, kwenye aibu mbele ya watu, na Direkteri akiwa shahidi.

Mama Apolina alikuwa amesimama ufukweni kwa kitenge kipya. Aliona boti imejaa. Nilimwona akihesabu vichwa kwa kidole, midomo ikitembea. Niliruka majini kabla boti haijagusa mchanga, nikamkimbilia.

"Mama, nisamehe, niliahidiwa wanane, simu haikushika..."

Hakunitazama. Aligeuka kuelekea kwenye nyumba, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti moja ndefu. Wakatoka akina mama. Mmoja kutoka kila nyumba, wamejifunga vitenge, kama watu waliokuwa wanangoja nyuma ya mlango.

"Kumi na tisa, na bakubwa babili ba biro!" Mama Apolina akawatangazia. "Kila mama achukue bake!"

Wageni wakagawanywa kabla sijavuta pumzi. Watatu huku, watatu kule, mama mzee na kuku wake na binti yake kwenye nyumba iliyo karibu zaidi ili asipande mlima. Nikafuata nyuma na tochi yangu na mita. Niliingia nyumba ya kwanza nikitegemea mkeka chini. Kulikuwa na kitanda kilichosimama sawa, chandarua kizima, pipa la maji lenye kifuniko na bomba. Nikaenda nyuma: choo juu ya kilima, umbali niliouandika, hata zaidi. Nyumba ya pili, vilevile. Nikakumbuka yule bwana wa kitanda kimoja, nikarudi mbio nyumba ya kwanza kuhakikisha kitanda hakijaondoka. Kilikuwepo, na muuguzi mmoja tayari amelala juu yake, viatu vyake sakafuni. Nyumba ya tatu. Ya nne. Zilikuwa nyumba saba zote, na katika kila moja, ukutani karibu na mlango, kulikuwa na karatasi ya kaye ya shule imebandikwa kwa uji mzito wa ugali. Nikainua tochi nikasoma. Ilikuwa orodha yangu ya vitu kumi na kimoja, kwa mwandiko wa mtoto, na kila kitu kimefutwa kwa mstari.

Mwalimu wa kisiwa aliniambia baadaye kwamba aliwapa wanafunzi orodha ile kama dikte, yaani imla. Aliyekosea "chandarua" aliandika mara kumi.

Nilimkuta Mama Apolina jikoni akigeuza samaki juu ya makaa, safu mbili ndefu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. Sauti yangu haikuwa ya mkaguzi.

"Ulifikiri minye nilikuwa nakasirika bure?" akasema bila kuacha kugeuza. "Kila ulipoondoka nilikuwa naita bamama, nabasomea karatasi. Nikasema, huyu muzee hatatuachia, basi tufanye sote mara moja."

"Ningekuja kuwakagua."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungeleta karatasi saba."

Tulikula ufukweni kwenye majamvi. Kulikuwa na mukeke wa kuchoma, ndagala, dagaa wa ziwa, waliokaangwa wakakauka, sombe, bugali mweupe, ndizi za kupika kwa mawese. Waliandaa kwa wingi kwa sababu, nilivyoelezwa, mtu wa Kasole akialika wanane anapika kwa thelathini. Direkteri alikula akiwa amenyoosha mgongo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama samaki amebaki. Kisha akauliza tena.

Siku ya pili ndiyo iliyonipa furaha ambayo sijaipata katika kazi nyingine yoyote. Asubuhi wageni walipanda mlima kwa njia ambayo vijana wa kisiwa walikuwa wameisafisha, wakaona ziwa pande zote, wakakaa huko juu. Watu ambao maisha yao ni kuitwa, hakuna aliyewaita. Waliposhuka, Mama Apolina alitoa miwani minne ya majini, ile ya wazamiaji wanaokamata samaki wa mapambo, akauliza nani anataka kuona.

Mama Neema akarudi nyuma. Alikuwa amezaliwa milimani, na maji aliyoyajua yalikuwa ya beseni na ya mto wa kuruka. "Minye nitakufa," akasema wazi. "Nitaona kwa macho ya bengine."

Mama Apolina hakubishana naye. Alimshika mkono, wakaingia taratibu mpaka magotini, wakasimama. Wakaingia mpaka kiunoni, wakasimama tena. Alimvika miwani mwenyewe, akaweka kiganja chake kipana chini ya tumbo la yule muuguzi, kama mtu anayemwogesha mtoto, akamwambia ainamishe uso tu. Mama Neema akainamisha. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akainuka ghafla, maji yakimtoka puani, akapiga kelele iliyosikika mpaka juu ya mlima.

"Kuko soko chini! Iko soko nzima! Banapita na nguo za rangi zote!"

Baada ya hapo hakuna aliyebaki kwenye mchanga. Samaki wa kwetu wenye mistari ya buluu, wa manjano kama ndizi mbivu, weusi wenye mapezi meupe, wanaopelekwa nchi za mbali kwenye masanduku ya vioo, walitazamwa siku ile na watu wa Lemera, na watu wa Lemera walilia na kucheka ndani ya maji. Mama mzee alikaa kwenye mawe ya kando na miguu ndani, akisema samaki wanambusu. Saa tisa hivi nilimwona Direkteri. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, tai ameifunga kichwani ili nywele zisiingie kwenye miwani, na mgongo wake ulikuwa juu ya maji kama jiwe. Alipoinuka alinitafuta kwa macho.

"Ramazani!" aliita. "Andika!"

"Niandike nini, Direkteri?"

"Yote! Andika yote!"

Kijitabu kilichofuata kilikuwa na Kasole. Wakaja walimu, zikaja kwaya, ikaja familia kutoka Bujumbura iliyokusudia siku mbili ikakaa wiki. Wauguzi wa milimani wakarudi kila kongé, na Mama Neema sasa anaogelea mpaka mawe ya mbali, akiwafundisha wengine kwa sauti ileile ya korido. Vijana waliokuwa machimboni walianza kurudi mmoja mmoja, mmoja akajenga nyumba ya nane, na mwalimu, ambaye alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake, akalifungua. Darasa la tatu likafunguliwa, kisha la nne. Direkteri alipotaka kumfanyia binti yake sherehe ya harusi kule, aliandika barua yenye muhuri. Akajibiwa kwa karatasi ya kaye kwamba nyumba zimejaa na anakaribishwa baada ya mwezi. Alinijia niwaombe. Nilimwambia kwamba kazi yangu ni kukagua, si kufukuza wageni. Akangoja mwezi mzima, na harusi ilikuwa nzuri.

Mwezi wangu wa mwisho kazini biro ilikuwa inatayarisha kijitabu kipya. Niliomba kupeleka mwenyewe maneno ya Kasole wayasikie kabla hayajachapwa. Akina mama wakakusanyika mbele ya nyumba ya Mama Apolina, na mwalimu akaja, nami nikasoma: kisiwa chenye maji safi, samaki watamu wa kuchoma, njia ya mlimani, mawe mazuri ya kuogelea, utulivu mkubwa. Nilisoma kwa majivuno kidogo. Nilikuwa nimeyatafuta maneno hayo usiku na mchana.

Mama Apolina alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa.

"Umeandika maji," akasema. "Umeandika samaki, na mawe umeandika. Sisi tuko wapi?"

Wale akina mama wakanitazama.

"Muntu akisoma hivyo atafikiri kisiwa ni tupu, anakuja kukaa na ndege," akaendelea. "Kaa chini, Papa Ramazani. Andika tena."

Nikakaa kwenye benchi, nikageuza karatasi upande usioandikwa, na wote wakasimama nyuma yangu wakinichungulia begani, wakinisahihisha, wakibishana nani atajwe kwanza. Ilichukua mchana mzima. Ndiyo maneno yaliyochapwa, na ninyi mtakaoingia kwenye kazi hii msiyaguse:

"Kasole, mbele ya Ubwari. Hapa wanaishi watu. Wana shule yenye madarasa manne, wana nyumba nane za kupokea wageni, na kila nyumba ina mama yake. Watakulisha, watakuonyesha ziwa lao kwa juu na kwa chini. Ukifika asubuhi utasikia watoto wakisoma. Karibu kwao."